Ufukwe Mtupu kwa Marlys

Jumapili, 9 Februari. Galveston.

Tumepanda meli. Hatimaye! Foleni ya kupanda ilichukua saa mbili na nusu, lakini sikunung'unika. Foleni naijua. Miaka thelathini na miwili nimekaa kwenye mzani wa ghala la mahindi kule Iowa, nikipanga malori wakati wa mavuno. Kama kuna binadamu anayeweza kuishinda foleni, ni mimi, Delbert Hruska.

Na safari hii lazima niishinde. Nimemwahidi Marlys. Mke wangu kapika chakula cha watoto wa shule, mia tano kila siku, mpaka alipostaafu Juni. Baharini hajawahi kuingia. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliponea chupuchupu kuzama kwenye bwawa la mji, darasa zima likamcheka. Tangu hapo mbele ya watu halowani kupita vifundo vya miguu. Sasa ana miaka sitini na mitatu na ameniomba kitu kimoja tu: aelee chali baharini, mara moja, pasipo jicho la mtu. Amejifunza kwa kutazama video, amelala kitandani. Mikono anaipanua vizuri sana.

Kwa hiyo nahitaji ufukwe mtupu. Basi. Miezi sita nimeandika orodha ya kila meli itakayofika kwenye bandari zetu tatu. Roatán, Jumatano: meli tatu. Belize, Alhamisi: nne. Cozumel, Ijumaa: sita. Kila meli watu elfu nne. Inatisha kidogo, lakini akili ni nywele, na mimi zangu bado ninazo.

Chakula cha jioni tumewekwa meza moja na Gaylen Tvedt, daktari wa meno mstaafu wa Minnesota, na mkewe Ardith. Bwana huyu kasafiri kwa meli mara ishirini na sita. Ana kadi ya dhahabu ya kutangulia kushuka. Kaiweka mezani kando ya siagi ili tuione. Akasema, kwa upole wote wa watu wa kwao, eti wageni husumbuliwa na umati kwa kuwa hawana mbinu. Nikashindwa kuvumilia. Nikatoa orodha. Marlys akanipiga teke chini ya meza. Nikaisoma yote.

Jumatatu, 10 Februari. Baharini.

Watu sita wamenisimamisha penye mayai ya kifungua kinywa wakiuliza kama mimi ndiye yule wa orodha. Sifa zinakimbia kuliko meli. Nikawaambia kidogo tu. Kwetu mtu akikuuliza kwa adabu huwezi kumwacha hivi hivi, utasemwa mpaka kanisani.

Marlys kaniita pembeni. Akasema mdomo huponza kichwa. Nikamwambia siri zenyewe sijazitoa, hizo ni salamu.

Jumanne, 11 Februari. Baharini.

Mpango wa Roatán umekamilika. Mlango wa kushukia ni ghorofa ya pili. Unafunguliwa saa mbili asubuhi. Sisi tutakuwa hapo saa kumi na mbili na robo, tumeshakula, tumeshakwenda msalani. Mtu wa kwanza chini, teksi ya kwanza, ufukwe saa mbili na nusu. Umati utafika saa nne. Marlys ana saa moja na nusu ya bahari yake peke yake. Nimempitisha kwenye mpango mara tatu. Kasema sawa. Leo kavaa vazi lake jipya la kuogelea, la buluu, chumbani, mapazia yamefungwa. Kapendeza. Nikamwambia. Akanirushia taulo.

Jumatano, 12 Februari. Roatán.

Nilikuwa wa kwanza! Iandikwe hivyo. Mlango ulipofunguliwa hapakuwa na kiumbe mbele yangu. Hata Tvedt na dhahabu yake alikuwa nyuma, wa nane.

Kumbe chini kwenye gati kuna mlango wa pili, wa kioo, mzito. Nikaufungua. Marlys akapita. Nyuma yake kulikuwa na bibi kizee mwenye fimbo ya magurudumu. Sasa nifanyeje? Mama yangu alinilea. Nikamshikia mlango. Nyuma ya bibi kulikuwa na dada yake. Nyuma ya dada, mama mwenye pacha. Kila aliyepita aliniambia ahsante, na mtu aliyekuambia ahsante huwezi kuuachia mlango usoni mwa anayemfuata. Tvedt alipofika tulikwama kabisa. Yeye akasema tangulia bwana, nikasema la, tangulia wewe, akasema haiwezekani, umesimama muda mrefu. Tukaendelea hivyo mpaka Ardith akatusukuma wote wawili kwa begi. Yeye akapita. Mimi nikabaki na mlango.

Dakika hamsini. Watu walidhani mimi ni mfanyakazi. Nimeelekeza vyoo. Nimepiga picha za familia nne.

Tulifika ufukweni saa nne kasoro. Mchanga hauonekani, ni taulo tupu. Marlys alikaa chini ya mwavuli na gauni lake mpaka shingoni, akala ndizi ya kukaanga, akasema maji ni mazuri kwa kuyatazama. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 13 Februari. Belize.

Leo mbinu ya kinyume. Nashangaa hakuna aliyewahi kuifikiria. Belize meli haifiki gati. Inatia nanga mbali na watu wanabebwa kwa mashua, foleni tangu alfajiri. Basi wao waende! Sisi tubaki. Meli ikibaki tupu, bwawa la juu linabaki tupu, na bwawa hilo ni la maji ya bahari, nimemuuliza fundi. Bahari ni bahari. Nani atabisha?

Sikumwambia mtu. Isipokuwa mume na mke wa Nebraska kwenye lifti, kwa sababu walionekana wamechoka. Na fundi. Na wale sita wa mayai. Na jana jioni, mezani, kwa sauti ya chini.

Saa tatu tukapanda juu. Marlys na vazi lake chini ya gauni. Jamani. Bwawa limejaa watu wamesimama wima, bega kwa bega, kama mahindi kwenye debe. Maji hayaonekani. Mume wa Nebraska akanipungia mkono, akapaza sauti kwamba huyu hapa ndiye mwenye wazo, na watu wakanishangilia. Nikawapungia. Ningefanyeje?

Tvedt na Ardith walishuka. Wakarudi saa tisa wamebabuka na jua, wanacheka. Tvedt kasema Belize palikuwa shwari ajabu, mashua nusu tupu, sijui watu walikwenda wapi leo.

Jioni nimemwona Marlys akilikunja lile vazi la buluu na kuliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu. Nikamuuliza mbona hivyo, bado kuna Cozumel. Akasema, basi tuache, Delbert, mimi mtu mzima nahangaikia nini, maji yapo hata bafuni. Akaniambia kwa upole. Sijawahi kujisikia mdogo hivi tangu siku nilipomwaga lori zima la soya barabarani.

Kesho ndiyo bandari ya mwisho. Na ni siku ya wapendanao. Meli sita.

Ijumaa, 14 Februari. Cozumel.

Naandika kwa miwani ya Tvedt. Yangu iko baharini. Nitaanza mwanzo.

Asubuhi nilimbembeleza Marlys alitoe vazi sandukuni. Akalivaa kwa kunionea huruma. Mpango: watu wote elfu ishirini na ushee wanakwenda ufukwe wa magharibi, karibu na bandari. Upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye ramani, hakuna mwavuli hata mmoja. Kwa nini hawaendi? Kwa sababu hawana ramani, nikafikiri.

Tvedt alikuwa kakwama kwenye foleni ya teksi. Meli sita, kumbe kila moja ina watu wake wa dhahabu. Nilimpita kwa mguu, nikamwamkia kwa heshima. Nikapata teksi barabara ya nyuma, ya mzee mmoja aitwaye Eleuterio. Nilitaka kwanza nikahakikishe, nisimpeleke Marlys kwenye aibu ya tatu. Nikamwacha ufukwe wa magharibi, kwenye kiti cha kulalia, kati ya harusi moja na wapiga tarumbeta watatu. Ardith, tuliyempakia kwenye teksi yetu, akasema atakaa naye, kachoka na foleni za mumewe. Nikawaambia nusu saa tu.

Upande wa mashariki ni mtupu! Maili nzima ya mchanga na mimi. Nilikaribia kulia. Eleuterio hakutoka garini. Kasema, mzee, pale usiingie. Nikamwambia nayajaribu tu kwa miguu. Nikaingia mpaka magotini. Wimbi la kwanza likachukua kofia. La pili likanipiga mwereka na kuondoka na miwani na kiatu kimoja. La tatu likanirudisha ufukweni lenyewe, nadhani lilinichoka. Eleuterio akaja taratibu na taulo. Nikamuuliza, nikitema mchanga, mbona hapa hapana watu. Akasema, hapana watu kwa sababu watu wana akili. Kisha akanionyesha bendera nyekundu, ambayo nilidhani ni pambo.

Nusu saa ikawa saa mbili. Nikarudi magharibi nimelowa, kiatu kimoja, dunia nzima ukungu. Viti vyao vitupu. Zile tarumbeta zinalia. Nikatazama majini. Vichwa, mapira, watoto. Na katikati ya vichwa hivyo, kitu cha buluu. Kimelala. Hakitikisiki.

Hapo hakuna mpango wala orodha. Nilijua tu kwamba nilimwacha, na kwamba hajui kuogelea, na kwamba ni kwa sababu ya kiherehere changu. Nikakimbia juu ya taulo za watu. Nikaruka jumba la mchanga, halikurukika. Nikaingia majini na nguo zangu zote nikipiga kelele, mke wangu anazama, saidieni, mke wangu!

Tarumbeta zikanyamaza. Ufukwe mzima ukageuka. Bibi harusi akageuka. Watu elfu ngapi sijui, wote macho kwa Marlys.

Nikamfikia. Alikuwa amelala chali, mikono ameipanua kama kitandani, macho ameyafumba. Ardith kasimama kando, maji kifuani, hajamshika hata kwa kidole. Marlys akafumbua jicho moja. Akasema, Delbert, nyamaza, unatikisa maji.

Wala hakuinuka. Watu wote wale wanamtazama, mke wangu ambaye kwa miaka hamsini hakulowesha magoti, naye akafumba jicho akaendelea kuelea. Kisha mtu akapiga makofi, kisha wote. Tarumbeta zikaanza upya. Marlys akatabasamu kwa mbingu. Mimi nikalia, sifichi, maji ya chumvi hayaonekani ndani ya maji ya chumvi.

Baadaye, kwenye kiti, akanieleza. Alikaa saa nzima akiwatazama watu, akagundua hakuna hata mmoja anayemtazama. Kila mtu alikuwa anavuta tumbo lake ndani. Ardith akamnong'oneza kwamba safari ishirini na sita na yeye hajaingia majini hata mara moja, anaogopa. Wakashikana mikono wakaingia. Ardith kafika kifuani. Marlys kaelea. Ulipokuja wewe na makelele yako, akasema, nilikuwa nimeshaelea dakika ishirini, kwa hiyo watazame tu.

Tvedt alifika saa nane, teksi ndiyo kwanza imepatikana. Akamkuta mkewe amelowa mpaka kifuani. Kisha akanipa miwani yake ya akiba bila kuombwa.

Jumamosi, 15 Februari. Baharini.

Marlys kaelea bwawani tangu kifungua kinywa, na Ardith ubavuni, katikati ya umati. Watu wa Nebraska wanamwita kocha. Kawafundisha wanawake wengine watatu kupanua mikono. Nimemletea juisi. Hakuniona.

Mezani kasema wazi: mwakani anataka ufukwe wenye watu wengi kuliko wote, na muziki. Tvedt akacheka. Nikacheka na mimi. Maskini, ni jua.

Jumapili, 16 Februari. Galveston.

Nimelala vizuri na nimeyatafakari yote kwa utulivu. Tatizo halikuwa mpango. Tatizo lilikuwa Februari. Nimepiga hesabu upya kwa miwani ya Tvedt: mwakani, Jumanne ya pili ya Januari, kuna kisiwa kidogo kitakachopata meli moja tu, yetu. Nimeshaweka nafasi, iwe zawadi ya kumshtukiza Marlys. Sikumwambia mtu. Tvedt peke yake, na kwa kuwa ni muungwana kakata tiketi zake kando ya zetu, pamoja na za kwaya yao ya kanisa, waimbaji arobaini na wanne, na wote wameapa kufunga mdomo. Hatimaye ufukwe utakuwa wetu peke yetu.