Baraza Juu ya Kichuguu

Jumatatu, 2 Novemba 1953
Mzee Jilala anakuja Jumamosi kutoka Ziba kumposea mwanawe binti yangu, Tekla. Jirani yangu Abbasi, muuza vitambaa, ana baraza la saruji lililozungukwa na maua. Ametuma salamu kwamba nikitaka niwapokee wageni kwake. Kwake! Mimi Raymundi, karani wa stesheni, nimkaribishe mkwe kwenye baraza la mtu? Nitajenga langu, hapa hapa uani. Kile kichuguu kikubwa nitakikata kichwa na kukisawazisha. Msingi tayari, tena bure. Abbasi hawezi kuwaza hivyo hata afunge mwezi mzima.

Jumatano, 4 Novemba
Kichwa kimeondoka. Nimesiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, nikapanga mawe ya chokaa pembeni kama kwa Bwana DC. Waridi huku, zinia kule. Mke wangu Marcelina ameniuliza kama nimesahau kwamba kila mvua za kwanza tunaokota kumbikumbi pale pale. Sikusahau. Nimewazibia mlango. Akasema basi niizibe na mvua.

Ijumaa, 6 Novemba
Abbasi amechungulia, akauliza kwa adabu kama sakafu imekauka. Wivu mtupu. Viti nimeazima parokiani. Jioni hii mvua ya kwanza imenyesha, mawaridi yangu yamependeza mno.

Jumamosi, 7 Novemba
Wageni walifika alasiri. Mzee Jilala aliyasifu mawe, kifua changu kikajaa. Mara sakafu ikapasuka. Kumbikumbi wakatoka chini ya kiti chake, kisha kila mahali, hadi ndani ya vikombe vya chai. Mguu wa kiti ukazama. Mkwe akaangukia waridi. Tekla alijifunika uso kwa khanga, nami nikajua posa ya mwanangu nimeiua kwa mikono yangu.

Mzee, akiwa bado kwenye waridi, akaomba ungo. Marcelina alikuwa nao mkononi, sijui tangu saa ngapi. Wageni wakavua kofia wakaanza kuokota, wakicheka kama watoto. Viti viliendelea kuzama, kwa hiyo mazungumzo yalimalizikia kwa Abbasi, huku kumbikumbi wakikaangwa. Posa imekubaliwa. Abbasi alikaa katikati akimimina kahawa kana kwamba yeye ndiye baba wa binti. Iliniuma sana.

Jumapili, 8 Novemba
Leo kanisani nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Wageni wa Ziba wamekula nini? Kumbikumbi. Wametoka wapi? Kwenye baraza langu. Basi Tekla ameposwa kwa ufundi wangu, na saruji ya Abbasi haijawahi kumpa mtu kitoweo. Nimemweleza Marcelina. Amenitazama kwa muda, bila shaka kwa fahari.

Harusi ni baada ya Pasaka, na maharusi watahitaji chumba cha kufikia. Nyuma ya jiko kuna kichuguu kingine, kikubwa kuliko kile. Kesho nakikata kichwa. Jembe nimeliazima kwa Abbasi.