Gari la Dereva Wangu Linateleza Nyuma

Jumatatu, 9 Juni

Kwako Dereva wangu,

Gari lako la rimoti limepinduka tena. Mara ya pili mfululizo. Ni ileile kona ya matairi chakavu: mbele linaingia kwa adabu, nyuma inakuja kuipita mbele. Kisha magurudumu juu, kama mende. Katibu wa klabu amenikumbusha kwa upole kwamba namba isiyomaliza mbio tatu mfululizo hupewa mwanachama mwingine. Imebaki Jumamosi moja. Namba kumi na nne, uliyoichora mwenyewe kwa rangi ya kucha! Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango.

Sina mpango.

Jumanne, 10 Juni

Nina mpango. Nyuma inateleza kwa sababu ni nyepesi. Nimeifungia vile vyuma viwili ninavyokandamizia vitambaa nikikata. Nikaenda kulijaribu uwanjani, kule nyuma ya ghala. Nyuma imeshika kama gundi. Sasa mbele ndiyo haigusi ardhi. Nikakata kulia, gari likanyoosha moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya mlinzi. Mlinzi akauliza kama mimi ndiye mume wa yule mama aliyekuwa akishinda mbio. Nikasema ndimi, akanipa pole ya msiba. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akanipa pole upya.

Jumatano, 11 Juni

Vyuma nimetoa. Shokapu za nyuma zimevuja, nimezijaza mafuta ya cherehani. Mafuta ni mafuta. Nikiwa hapohapo nikabadilisha springi, na matairi nikayageuza. Matokeo: linarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Kipi kati ya hivyo vitatu kimeharibu? Nitajuaje!

Mteja ameuliza kwa nini suruali yake ina tone la mafuta gotini. Nimesema ni cherehani. Si uongo kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Leo sikugusa gari. Nilikuwa natafuta springi, nikakuta kile kisanduku chako. Umezifunga kwa uzi na kuziandika vikaratasi: laini, laini kidogo, ngumu, "mume wangu". Hiyo ya mwisho haikunjiki hata kwa koleo. Nimecheka hadi muuza vitambaa wa jirani akaja kuchungulia. Kisha nikakaa kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Daktari wa Meno. Ndiye anayeshinda mbio za klabu tangu uondoke, na gari lake analiweka kwenye kabati la pale anapotibia, kama kombe. Mpango: nijifanye jino linauma, akigeuka nipime nyuma ya gari lake kwa futi yangu ya kushonea.

Ameangalia mdomo, amekuta jino bovu kweli. Ameling'oa! Alipogeuka kuandika dawa nikaruka kwenye kabati. Akanikuta nimepiga magoti, futi mkononi, nusu ya mdomo imekufa ganzi, natokwa na mate.

Hakunikaripia. Akalishusha gari lake, akaniwekea mapajani.

"Ndugu yangu, hivi vipimo ni vya mkeo," akasema. "Alinipa mwenyewe. Ungeniuliza tu."

Nikajaribu kusema kitu. Hakuna aliyeelewa, hata mimi.

"Alikuwa akisema ubadilishe kitu kimoja, ujaribu. Kimoja tu."

Nikalia. Akadhani ni jino, akaniongezea dawa.

Jioni alipita kwangu. Tukarudisha kila kitu kama ulivyokiacha. Mafuta ya cherehani akayamwaga, akatia yale mazito ya shokapu. Akaniomba nisiguse kingine chochote. Nikaahidi.

Jumamosi, 14 Juni

Sikugusa. Mikono ilikuwa mfukoni hadi filimbi.

Kwenye kona ya matairi nyuma iliyumba. Ikashika! Raundi ya pili, ikashika. Ya kumi, ikashika. Nimekuwa wa tisa kati ya tisa. Daktari alishinda zamani, lakini alibaki amesimama mstarini akinisubiri nifike. Katibu akaandika: kumi na nne, amemaliza. Nikageuka upande wako nikuambie. Nikamwambia mlinzi.

Jumapili, 15 Juni

Somo nimelielewa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo leo nimebadilisha springi tu. Na kwa kuwa gari lilikuwa limeshafunguliwa, betri nimeisogeza nyuma kidogo. Bawa la nyuma nimelishonea kubwa zaidi, la turubai, lenye pindo. Na mafuta ya shokapu nimepunguza nusu. Vyote hivyo ni nyuma, na nyuma ni kitu kimoja.

Daktari sijamwambia. Jumamosi ijayo atajionea mwenyewe.

Huko uliko, Dereva wangu, ukipata nafasi, nikumbuke.