Magoti Arobaini na Moja

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimefanya uamuzi mkubwa kuliko wote tangu nilipofungua kibanda changu cha kushonea. Binti yetu ametimiza miaka sita, Januari anaingia darasa la kwanza. Jina lake zuri limebaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Mama Chiriku ni muuguzi, wiki hii yuko zamu ya mchana, hana nafasi. Ameniachia fomu ya Shule ya Mtaani, ile iliyo nyuma ya soko. Fomu ya kijani, karatasi ngumu, mhuri juu. Ameshaijaza yote. Kila mtoto anapewa fomu moja tu, ukiipoteza umekwisha. Kazi yangu ni kuirudisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ameniuliza mara tatu kama nimesikia. Nimesikia! Mimi si mtoto.

Nimeitia kwenye droo ya cherehani.

Sirudishi kitu. Wazazi wengine huchagua shule kwa kuuliza majirani. Mimi ni fundi, nina ushahidi. Nimefungua daftari langu la viraka la mwaka huu. Shule ya Mtaani: magoti arobaini na moja, makalio kumi na mawili, mifuko tisa, kola moja iliyotafunwa. Shule ya Ukuta Mweupe, ile ya karibu na posta: sifuri. Nimerudi nyuma mpaka daftari la miaka saba iliyopita. Sifuri! Hata kifungo hakijawahi kuletwa. Hiyo ndiyo shule. Watoto wanakaa, wanasoma, hawagaragari chini kama punda.

Nimemgusia jambo hili fundi wa ng'ambo ya barabara, Bwana Futi, anayetembea na futi shingoni hata msibani. Tulijifunza kazi kwa mwalimu mmoja, na mpaka leo anatangaza kwamba sijui kunyoosha pindo. Akasema binti zake wote wawili walisoma Shule ya Mtaani, walimu wake wana moyo, nisihangaike. Hapo ndipo nilipopata uhakika. Bwana Futi akielekea mashariki, mwenye akili anakwenda magharibi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimefika Ukuta Mweupe asubuhi. Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa mavazi. Akanitazama viatu. Akasema wataalamu wa mavazi waje kesho kutwa kama wazazi wengine, saa nne, usaili wa darasa la kwanza. Nafasi imebaki moja. Halafu akaninong'oneza, kwa wema wake, kwamba mwalimu mkuu anapenda watoto watulivu.

Watulivu! Nimerudi nyumbani miguu mizito.

Lakini akili ni nywele, na mimi sina upara. Nimeamua Chiriku aende kwenye usaili akiwa tayari amevaa sare yao. Gauni la kijivu, kola nyekundu nzito. Mtoto aliyekwisha kuvaa sare, nani atakuwa na roho ya kumvua? Wataona haya.

Nimekata gauni kabla ya chakula cha mchana. Kola imenisumbua, ina ncha za mviringo na sikuwa na karatasi ya kukatia kipimo. Magazeti ni laini, yanateleza. Nikapapasa droo nikiwa nimebana pini mdomoni, nikapata karatasi moja ngumu, safi. Nikaikunja mara mbili, nikakata. Kola imetoka kama ya dukani! Nimemwonyesha Bwana Futi kwa mbali, kupitia dirishani. Alijifanya anatunga uzi.

Jumatano, 8 Novemba

Mazoezi ya utulivu. Masharti: Chiriku akinyamaza kwa dakika tano, anapata kifungo kimoja cha rangi anayoitaka. Ana kopo lake la vifungo, anavipenda kuliko pipi.

Dakika ya kwanza, kimya. Nikafurahi. Dakika ya pili akaniuliza kama kunyamaza kunahesabiwa mtu akiimba moyoni. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama naweza kukisia wimbo. Tukaanza upya. Akataka kujua kifungo kina matundu manne kwa nini wakati kuna vyenye mawili, na kile chenye mawili kinajionaje. Tukaanza upya. Kufika saa tano alikuwa na vifungo kumi na vinne, na sikumbuki hata kimoja nilimpa kwa kunyamaza.

Mama mkwe akapita kuchukua blauzi yake. Akasema mtoto asiyesema ni mgonjwa, nimwache mjukuu wake. Nikamwambia mama, elimu ya siku hizi ina taratibu zake. Akanijibu kwamba yeye amelea sita, na aliyenyamaza kuliko wote ndiye aliyekuja kuolewa na mimi. Sijui alikuwa na maana gani. Nimemkunjia blauzi yake vizuri tu.

Jioni Mama Chiriku ameuliza fomu imefika wapi. Nimemwambia iko safarini. Si uongo. Kila kitu duniani kiko safarini.

Alhamisi, 9 Novemba

Salale! Siku gani hii!

Mwalimu mkuu wa Ukuta Mweupe ni mama mpole, miwani kwenye ncha ya pua. Akaisifu sare. Nikajisemea tumeshapita. Kisha akamwuliza Chiriku swali dogo tu, kwamba anapenda nini.

Chiriku akameza mate. Akanitazama. Nikamkonyeza, kumkumbusha kifungo cha dhahabu tulichopatana. Basi akaanza. Akasema anapenda vifungo, ila leo hatakiwi kusema, baba ameahidi cha dhahabu akinyamaza, lakini akinyamaza wakati ameulizwa ni utovu wa adabu, bibi amesema. Akasema hii sare ameshonewa ili walimu waone haya. Akasema baba huhesabu matundu ya suruali za watu na kuyaandika kwenye daftari, ana makalio kumi na mawili.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu mkuu akakohoa kwa muda mrefu, kwenye leso. Akasema mtoto ni mwerevu sana, lakini ile nafasi moja imechukuliwa jana, angemwandika kwenye orodha ya kusubiri. Orodha yenyewe ina kurasa tatu.

Tukatoka. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamiminika uwanjani. Nikasimama nione utulivu wenyewe. Wapi! Wanagaragara, wanakokotana, mmoja anateleza kwenye ngazi kwa makalio. Na magoti! Kiraka juu ya kiraka! Nikamshika mmoja bega, nikainama. Mshono wa msalaba, umebanwa, uzi umefichwa kwa ndani. Ningeutambua hata gizani. Nikamwuliza nani kashona. Akasema yule fundi wa futi. Shule nzima huwa wanapeleka kwake, tangu zamani.

Bwana Futi! Miaka saba viraka vyote vya Ukuta Mweupe vinapita mlango wa ng'ambo, mimi nakaa hapa naandika sifuri! Watoto wa huko hawaharibu nguo kidogo kuliko wengine. Hawazileti kwangu tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walikuwa mafundi cherehani.

Nimerudi mbio kutafuta fomu ya kijani. Droo tupu. Nimetoa uzi, nimetoa mkasi, nimetoa chaki, nimetoa mkate wa juzi. Ndipo macho yakaangukia ile karatasi ngumu ya kipimo cha kola, imening'inia msumarini.

Ni ya kijani.

Nimekaa chini. Kwa kweli nimeogopa. Kesho saa sita wanafunga daftari, na mtoto wangu hana shule hata moja, kwa ajili ya ujinga wangu mwenyewe. Yeye alikuwa pembeni anavifundisha vifungo vyake kusoma, amevipanga mistari, kila kimoja kina jina. Nikageuka ukutani machozi yasionekane.

Ijumaa, 10 Novemba

Saa mbili asubuhi nimemwaga gunia la vitambaa sakafuni. Tumetambaa, mimi na Chiriku. Mabaki ya fomu yalikuwa mule, vipande sita. Chenye mhuri kilikuwa kimejificha ndani ya mguu wa suruali ya mteja. Kukunja mara mbili, kumbe, kunakata kila kitu mara nne.

Gundi hakuna. Lakini mimi ni fundi! Nimepanga vipande juu ya kitambaa chembamba cha ndani ya koti, nikaanza kushona. Saa nne na nusu sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, ikavunjika. Ya tatu ikavunjika. Karatasi ile si mchezo.

Kufa au kupona. Nikavuka barabara. Nikamwomba Bwana Futi sindano nyembamba. Akataka kujua ya kushonea nini. Kabla sijatunga uongo, Chiriku akamaliza habari yote, kuanzia sifuri mpaka kola. Bwana Futi akacheka mpaka akakalia pini. Nilisubiri matusi. Badala yake akafuta macho kwa ncha ya futi, akanipa sindano, akaiweka fomu kwenye cherehani yake mwenyewe, akasema pindo la chini angenishonea yeye, kwa sababu ofisi ya serikali haistahili kupelekewa pindo langu. Nikameza. Pindo lilinyooka, potelea mbali.

Tumefika Shule ya Mtaani saa sita kasoro dakika nne, mtoto mgongoni, jasho mpaka kwenye soksi. Karani alikuwa anafunika kalamu. Akaishika fomu kwa vidole viwili, akaigeuza, akauliza hii ni fomu au ni foronya. Akaenda kumwita mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu akaja na chaki kwenye nywele. Akasoma kila mstari, akapitisha kidole kwenye mshono. Akauliza kulikoni. Mimi nikafungua mdomo nieleze ajali ya moto. Chiriku akaniwahi. Akaeleza yote. Magoti, vifungo, orodha ya kusubiri, kwamba baba alilia akafikiri hajaonekana. Halafu akamwuliza mwalimu mkuu chaki inatoka wapi, nani anaamua kengele ilie, na kama vifungo vinaweza kuja darasani vikikaa kimya.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa juu ya meza, anacheka. Akamjibu maswali yote, moja moja, kwa mpangilio, kama anavyomjibu mtu mzima. Ningependa niandike kitu cha kuchekesha hapa lakini sina. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu mwanangu maswali yote. Hata mimi.

Akagonga mhuri mpya juu ya uzi. Mashine ya mhuri ikaruka kidogo.

Jioni nimemweleza Mama Chiriku kwamba fomu imefika salama. Akasema anajua. Anajua tangu Jumanne, kola na kila kitu, Chiriku alimsimulia akiogeshwa. Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akasema alikuwa ameomba ruhusa ya leo tangu juzi, alisimama nyuma ya soko kuanzia saa tano na cheti cha kuzaliwa mkononi, tayari kwenda kumwangukia mwalimu mkuu kama nisingetokea. Alituona tunapita mbio. Akanipa bakuli langu. Nyama yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Jumatatu, 8 Januari

Siku ya kwanza ya shule! Chiriku ameondoka akiongea, amerudi akiongea, sauti imekauka. Goti la kushoto limechanika. Nimelishona kwa heshima zote, nikaliandika kwenye daftari: namba moja ya mwaka.

Bwana Futi alikuja kurudishiwa sindano yake. Akasema nadhani sasa nimejifunza, shule haichaguliwi kwa matundu ya suruali. Nikamwambia nimejifunza sana. Kosa lilikuwa kuhesabu magoti. Mwanzo wa mambo yote ni vifungo! Nimefungua daftari jipya. Darasa la kwanza wako walimu watatu, na vifungo vitakavyoletwa mwezi huu vitanionyesha ni yupi wa kuombwa Chiriku ahamishiwe kwake.

Sare ya pili inataka mfuko wenye kona za mviringo. Bahati nzuri leo droo ilikuwa na karatasi moja ya njano, ngumu, safi. Nimeikunja mara mbili tu.

Mama Chiriku ameita sasa hivi kutoka jikoni, anauliza kama nimeuona mwaliko wa mkutano wa wazazi, ule wa njano, unaotakiwa kurudishwa na sahihi kesho asubuhi. Nimemwambia uko safarini. Mfuko umekaa vizuri sana.