Mlima Ndani ya Chumba cha Samaki

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimepata mwamba. Mwamba wa kweli, si vile vilima ambavyo watu wa Likasi wanavionyesha kwa kidole na kuviita milima. Kwa mtu wa kwetu, Katanga yote ni meza. Meza yenye vichuguu.

Nieleze vizuri, maana nikizeeka nitasahau. Mimi ni Clovis Muhindo, mtu wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Kazi yangu ilikuwa kupandisha wageni mpaka kwenye barafu. Vita vikatufukuza. Mke wangu Germaine ni mzaliwa wa Likasi, basi tukaja huku kwa mama yake, na tunalala katika kinyumba cha uani. Siku ya kukimbia, Germaine aliniambia nibebe masufuria. Mimi nilibeba kamba, shoka la barafu, na krampo, yaani vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu. Jambo hilo halijaisha mpaka leo.

Mama mkwe, Mama Josée, anauza samaki wa kugandishwa. Asubuhi alinituma nimpelekee mteja katoni ya samaki waitwao tomsoni kwa baiskeli, njia ya Buluo. Njiani nikaona machimbo ya zamani, yameachwa. Ukuta wa jiwe umesimama wima, mwekundu, wenye nyufa za kuingiza vidole. Nikaegesha baiskeli. Nikajiambia napanda kidogo tu.

Nikapanda mpaka juu. Upepo. Ukimya. Mikono ilikumbuka kila kitu. Nusura nilie.

Chini kulikuwa na mama mmoja akipalilia viazi. Aliinua kichwa akaniuliza, "Baba, unatafuta nini kule yulu?" Nikamjibu kwamba sitafuti kitu, nafanya mazoezi. Akasema basi niangalie katoni yangu. Mbwa walikuwa wameshaifungua.

Nilimwambia Mama Josée kwamba mbwa walinivamia njiani. Alitazama suruali yangu iliyojaa vumbi jekundu magotini, akauliza kama niliwapigia magoti.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanzisha chama. Kinaitwa Club Alpin ya Likasi. Rais ni mimi.

Wanachama nimewapata leo leo. Wa kwanza ni Plamedi, fundi wa kushona nguo mwenye kibanda mbele ya kwetu. Mwanamke mnene, mpole, hasemi sana. Nilimweleza habari za barafu, naye akawa anatikisa kichwa huku akitunga uzi kwenye sindano. Nilihesabu kile kichwa kuwa kura.

Wa pili ni Élysée, shemeji yangu, mdogo wake Germaine. Ana chumba cha kunyanyua vyuma na kioo kikubwa, na kile kioo ndicho kinachopata mazoezi zaidi. Alitaka urais. Nikamwambia nafasi imejaa. Akataka umakamu. Nikampa ulinzi wa vifaa, kwa sababu vifaa vyenyewe nalala navyo chini ya kitanda.

Germaine ameuliza kama chama kitatupatia nyumba yetu wenyewe. Amechoka kuomba ruhusa ya kuwasha jiko. Nimemjibu kwamba mambo makubwa yanaanza polepole. Aliendelea kusugua sufuria ya mama yake.

Jumatano, 4 Juni

Matembezi ya kwanza ya chama. Nimeona mambo.

Niliwafunga kamba vizuri, kila mtu na fundo lake. Plamedi alivua kitenge chake, ndani ana suruali, akagusa jiwe kama anavyogusa kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akapanda. Hakukimbia, hakuhema, hakuuliza kitu. Alifika juu kabla sijamaliza kueleza jinsi ya kuanza. Nikamwambia amebahatika kupata njia nyepesi.

Élysée alipanda kwa mabega. Kufika katikati, akasimama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema anatazama mandhari. Mandhari ilikuwa jiwe, karibu na pua yake. Alitazama muda mrefu sana, vidole vimeng'ang'ania ufa, mpaka nikamshusha kwa kamba kama ndoo ya kisimani. Tena akatua katikati ya viazi vya yule mama, ambaye anaitwa Mwadi na ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilimtuliza kwa kumfanya mwanachama wa heshima. Akauliza kama heshima hiyo inapalilia viazi.

Jioni nikasikia mezani kwamba mimi ndiye niliyekwama, na Élysée ndiye aliyeniokoa. Amesimulia vizuri, hata mimi niliogopa kidogo. Mama Josée alimwongezea samaki.

Alhamisi, 5 Juni

Habari kubwa. Mama Carmel, injinia wa usalama katika kampuni moja ya migodi kule Kakanda, alipita kununua samaki kama kawaida yake. Anatafuta mtu wa kufundisha wafanyakazi jinsi ya kujifunga kamba na kufanya kazi mahali pa juu bila kuanguka. Kazi ya kudumu. Na nyumba juu yake.

Nyumba. Germaine aliacha kupanga katoni, akanitazama. Sijaona macho yale tangu Mutwanga.

Nikafungua mdomo, lakini Élysée alikuwa ameshafika. Akajitambulisha kama kocha wa kupanda miamba, mtu wa kuokoa waliokwama. Alininyooshea kidole kama mfano.

Hapo ilinibidi niseme kitu. Ningeweza kusema ukweli mtupu, kwamba nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, na mafundo yangu hayajawahi kufunguka. Badala yake nikasema kwamba jiwe ni mambo ya watoto, mtu anapimwa kwenye barafu, na mimi Jumamosi naweza kumpandia barafu hapa hapa Likasi.

Mama Carmel ni mtu wa kuongea taratibu. Aliuliza, "Barafu ya wapi, Baba Clovis?"

Nikamwambia aje tu, ataona.

Akasema atakuja. Sasa niko uani, nimeketi, najiuliza swali lile lile. Barafu ya wapi? Kweli ni msimu wa baridi, asubuhi watu wanatembea wamejifunika blanketi, lakini hata maji ya beseni hayagandi.

Baadaye. Nimeipata. Mama Josée alinituma nimletee samaki kutoka chumba cha baridi. Nyuma kabisa, nyuma ya katoni, ukuta wote umeota barafu, kwa sababu hakuna mtu aliyeikwangua tangu zamani. Nyeupe, nene, kutoka sakafuni mpaka darini. Niliishika kwa kiganja. Nikafumba macho. Ilikuwa na harufu ya samaki, lakini chini ya ile harufu kulikuwa na kwetu.

Nilikaa mle mpaka Mama Josée alipokuja kuuliza kama samaki nawavua mwenyewe.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Josée ameenda kanisani kwenye mfungo na maombi ya kuingojea Pentekoste. Atashinda huko mpaka kesho jioni. Mpango umeenda vizuri kama maji, na kusema kweli ulikuwa wa maji.

Niliingiza mpira wa kumwagilia, nikanyunyizia ule ukuta kidogokidogo, nikaacha mlango umefungwa, nikarudi, nikanyunyiza tena. Kila safari barafu iliongezeka. Nilizungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho wake. Katoni za samaki nilizipanga kama ngazi ili wageni waweze kusimama na kuona. Maji kidogo yalizimwagikia. Si kitu, ni samaki, wamezoea.

Umeme ulikatika mchana. Nikawasha jenereta mwenyewe. Mtu wa mlima hashindwi na umeme.

Germaine alikuta mpira unapita chini ya mlango. Aliuliza ni nini. Nikasema nalinda samaki dhidi ya joto. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha nyumbani, ambacho hukitumia akiwa na hasira au huruma, na mimi bado sijui kutofautisha: "Clovis, weye uko muzuri ku ile kazi. Unaiyua. Juu ya nini hauwezi kuonyesha tu kile unayua?"

Nilimwambia asubiri kesho.

Plamedi alikuja kuona mahali. Aliuliza mambo ya ajabu. Mlango unafunguka kwa ndani? Umeme unazimiwa wapi? Kuna mtu atabaki nje? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yeye ashike kamba tu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mama Carmel alifika na kofia yake ya kazini. Walikuwepo Plamedi, Germaine, na Élysée aliyevaa singleti ndani ya chumba cha baridi ili mabega yaonekane. Mama Mwadi naye alikuja, kama mwanachama wa heshima. Nilifunga krampo, nikapiga shoka, nikapanda.

Niseme hivi, na nitalisema mpaka kufa: nilipanda. Barafu ilishika. Pigo, mguu, pigo, mguu, vipande vyeupe vikiruka, na pumzi yangu ikitoka kama moshi. Nilisikia Mama Carmel akisema kwa mshangao kwamba hajawahi kuona kitu kama hiki. Nilimsikia Germaine akisema "eeh." Kichwa kikagusa dari. Ukuta ulikuwa umeisha.

Mtu mwingine angeshuka.

Mimi nilitaka pigo moja la mwisho, la kuaga. Shoka likapita barafu, likapita na bati, likaingia katika bomba. Pakatoka sauti kama nyoka mkubwa. Kisha ukuta mzima wa barafu ukaachana na ukuta wa nyumba, polepole, kwa heshima, ukaja nami mpaka chini juu ya tomsoni.

Sikuona yote. Nimeelezwa. Mama Carmel alisema mara moja, bila kupaza sauti, kwamba ile ni gesi ya kupozea, kila mtu atoke. Élysée alikuwa tayari barabarani. Plamedi alishika kamba, akanivuta na shoka langu na kipande cha barafu kilichonikalia kifuani, akanitoa mpaka uani. Kisha akauliza kama ndani amebaki mtu, akahesabu watu, akaenda kuzima umeme. Nilipofumbua macho, Germaine alikuwa amenishika uso kwa mikono yote miwili. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mama Josée akaingia getini. Mtu alikuwa amekimbia kanisani kumwita.

Alitazama mpira. Alitazama krampo. Akaenda kuchungulia chumba chake kupitia mlango uliokuwa wazi. Samaki wote aliokuwa nao ulimwenguni walikuwa mle, na baridi imekufa. Nilimwona akishika fremu ya mlango. Nilitamani anipige.

Akasema, "Moto. Bawashe moto. Tutakausha yote leo."

Lakini katoni hazikutoka. Yale maji yangu yalikuwa yamezigandisha zote kuwa jiwe moja. Gesi ilipoisha kutoka na Mama Carmel akaruhusu watu kuingia, shughuli ya kuzitenganisha ilihitaji shoka la barafu, na mtu anayejua kulitumia. Nilipiga mchana kutwa, kwa mkono mmoja, Germaine akipokea samaki, majirani wakichoma na kukausha, Mama Mwadi akiamuru moto kama jenerali. Mama Josée alisimama nyuma yangu muda wote. Mwishoni aliniletea chai.

Hakuna samaki aliyeoza. Naliandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Kazi ya Kakanda amepewa Plamedi. Mama Carmel alimwambia pale pale, mbele ya moshi. Alisema anataka mtu anayeuliza mlango uko wapi kabla ya kuingia. Plamedi alitikisa kichwa kukubali. Safari hii ilikuwa kura kweli.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa zima lilinuka samaki wa moshi. Mhubiri alipotaja moto kushuka, watu walinigeukia.

Baada ya ibada kikao cha familia. Élysée alipendekeza nirudishwe Mutwanga. Nilidhani Mama Josée atakubali. Badala yake alisema kwamba samaki wa moshi wamepata wanunuzi wengi kuliko wale wa barafu, na kwamba mimi nitakausha samaki mpaka chumba kitengenezwe, na kwamba sitaingia tena mle hata kwa kuota. Akamuuliza Élysée alikuwa wapi wakati mimi nalalia samaki. Élysée akasema alikuwa anatafuta msaada. Mama Mwadi, ambaye hakualikwa, akasema alimwona akiutafuta kwa mbio sana.

Usiku Germaine alicheka. Alianza kwa kuficha, kisha akashindwa, akacheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa anakumbuka jinsi nilivyoshuka na ule ukuta. Alicheka mpaka machozi, nami nikacheka, mbavu zikiniuma. Kisha akaniambia kwa upole kwamba Plamedi ameahidi kuniombea nafasi ya msaidizi wake huko Kakanda. Ninachotakiwa ni kukaa kimya, nisibuni kitu, nisionyeshe kitu, mpaka waniite.

Nimemwahidi. Nimeelewa kabisa.

Jumatatu, 9 Juni

Fundi amekuja kutengeneza bomba. Kijana mzuri, mwenye maongezi. Amecheka sana kuona shimo, akasema chumba hiki ni kisanduku tu. Lubumbashi kuna ghala la baridi analolihudumia yeye mwenyewe, dari yake kama ya kanisa kuu, na barafu ya nyuma hakuna mtu aliyeigusa tangu lijengwe.

Nikafikiri. Kosa la Jumamosi lilikuwa nini hasa? Ukuta ulikuwa mfupi. Mtu akiishiwa na mlima, lazima atapiga kitu.

Nimemwomba fundi anielekeze mahali. Kisha nimemwambia Mama Josée kwamba ningependa kwenda Lubumbashi kuona maghala makubwa, tujue wenzetu wanahifadhi samaki namna gani. Akamwita Germaine asikie. Amesema hatimaye mukwe wake ameanza kufikiri kama mtu wa biashara, na kesho atanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye basi.