Naomba Nirudishiwe Ndita Zangu

Kwako Daktari wa Sindano za Makunyanzi,

Nakusalimu kwa kuwa adabu yataka hivyo, si kwa kuwa moyo umeridhika. Mimi ni yule mwalimu wa nidhamu uliyemlaza kwenye kiti chako mwezi uliopita, nikakukemea kwa kutafuna chingamu kazini.

Nilikuja kwa sababu moja tu: mjukuu wangu wa kwanza kila akiniona huangua kilio. Binti yangu alidai ndita zangu ndizo zinazomtisha. Ukaniahidi zitalala. Zimekufa, daktari! Mtoto analetwa leo jioni, sijui kama itasaidia, ila hasara nimeshaipata:

1. Zamani nikisimama mlangoni na kukunja ndita, darasa zima kimya. Sasa nafoka hadi koo linakauka, nao wananiuliza nimefurahia nini. Mmoja aliyechelewa eti akaniomba nimpe tano!

2. Mwalimu mkuu alipotangaza kazi ya Jumamosi, nilinuna kuliko wote, ila uso haukupata habari. Akanisifu kwa moyo wa kujitolea, akaniongezea na Jumapili.

3. Mume wangu huukagua uso wangu kabla ya kuvua viatu. Juzi kaingiza pikipiki mbovu sebuleni, akanitazama, akaona shwari, akaomba chai. Jamani, nilikuwa nachemka!

4. Watu wananimwagia shida zao. Mpishi wa shule, mlinzi asiyesalimia mtu, na jana kijana mtukutu kuliko wote alilia begani mwangu mpaka blauzi ikaloa. Nikambembeleza. Mimi! Cheo changu kitabaki wapi?

Kwa hiyo nirudishie ndita zote tatu, zenye kina kilekile. Ukikataa, nitakuja kukaa mapokezi kwako nikiwa nimekasirika kweli kweli, ingawa najua wateja watadhani nakutangazia biashara.

Nisalimie muuguzi wako, dada wa mapokezi, na yule mzee aliyekuja kutengenezwa kidevu.

Ni mimi, mwenye hasira isiyoonekana,
Mwalimu wa Nidhamu

Nyongeza: Wameingia kabla sijafunga bahasha. Mtoto alinikodolea macho, nami nikajikaza kungoja kilio. Kacheka, daktari! Kaninyooshea mikono mwenyewe, na sasa amelala kifuani, naandika kwa mkono mmoja. Tafadhali usirudishe chochote. Nitengee nafasi mapema kabla dawa haijaisha nguvu, na shingo nayo uiangalie. Zile ndita kaa nazo.