Nilivyoichagua Malangali kwa Utulivu Wake

Leo nusu ya Sumbawanga imeniona, na si kwa namna niliyokuwa nimepanga kuonekana.

Nawaandikia nyie mafundi wenzangu mliobaki Tabora, kabla habari hii haijawafikia kwa midomo ya madereva wa malori. Madereva huongeza chumvi. Mimi nawapa kama ilivyo, chumvi yake inatosha.

Mnajua nilikuja huku Ufipa kwa kazi mpya. Bwana Nassoro, mwenye duka na malori, alitaka fundi wa kukaa na cherehani barazani kwake, awashonee watu kanzu, suruali na magauni ya kanisani. Kazi yenyewe nzuri. Shida ilikuwa pa kuishi. Tangu nifike nimekuwa nikilala stoo, katikati ya magunia ya mchele wa Mtowisa, na mke wangu anakuja na lori la Jumamosi. Mke hawezi kulazwa juu ya mchele. (Wangu hasa hawezi. Mnamjua.)

Bwana Nassoro alinishauri nipange Chanji. Nikaenda Chanji, nikaikataa. Vijiduka vingi, watoto wengi, na kila jogoo wa pale anadhani yeye ndiye mwadhini. Mimi sharti langu lilikuwa moja tu: utulivu. Tabora nimeishi nyuma ya stesheni, treni ikinipigia filimbi sikioni kama inaniita kwa jina. Nikaapa kwamba nikihama, nitahamia mahali ambapo mtu anasikia mawazo yake mwenyewe.

Kwa hiyo leo asubuhi nikaenda kuikagua Malangali. Peke yangu. Jicho la kuchagua mtaa ninalo, sihitaji kushikwa mkono.

Nikavaa vizuri, maana mwenye nyumba huangalia mavazi yako kabla ya kukutajia bei. Nikavaa ile suti yangu ya kaki niliyoishona mwenyewe, yenye mifuko minne na tepe za mabegani kama za askari. Soksi ndefu hadi magotini. Chepeo kichwani. Futi yangu ya kupimia nguo shingoni, ili nipime kama kitanda na meza ya kukatia vitaenea chumbani. Penseli sikioni. Nikajitazama kwenye kioo cha dukani, nikaona mtu wa maana.

Malangali nikaikuta kimya.

Siwaambii kimya cha kawaida. Nilipofika mwanzo wa mtaa nilisikia kama vicheko na kinu kikitwangwa. Nilipokaribia, kinu kikanyamaza. Nikapita nyumba ya kwanza, mlango wazi, hakuna mtu. Ya pili, chungu kinachemka jikoni, hakuna mtu. Ya tatu, baiskeli imelazwa chini, gurudumu bado linazunguka, hakuna mtu. Nikasema moyoni: hawa ni watu wastaarabu. Hawakai ovyo barabarani.

Mbele kidogo nikamkuta bibi mmoja ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba nzuri ya matofali mabichi, anapeta ulezi. Baadaye nilimjua kwa jina, Bibi Felista. Alikuwa mzee mno kukimbia. (Hilo la kukimbia nimelielewa jioni. Asubuhi niliona tu bibi mpole.)

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba." Ungo ulikuwa unamtetemeka mikononi. Nikadhani ni baridi ya Ufipa.

"Mbona mtaa hauna watu?"

"Hakuna watu, baba. Tuko vikongwe tu."

"Wanaume je?"

"Wameteremka bondeni. Rukwa."

"Wote?"

"Wote."

"Watarudi lini?"

Akanitazama kuanzia chepeo hadi soksi. "Hawarudi, baba."

Nyie, nilifurahi. Mtaa mzima wa vikongwe, na wanaume hawarudi. Hakuna ngoma, hakuna walevi, hakuna mtu wa kugombana na mkewe usiku. Nikamwomba nichungulie ndani ya nyumba. Akasema nichungulie tu, yeye ana nguvu gani za kunizuia. Nikaingia. Vyumba viwili, sakafu imesiribwa vizuri, na juu dari ya miti ya kuwekea nafaka. Nikapima ukuta kwa futi, nikaandika pembeni ya kipande cha gazeti, nikapima dirisha, nikaandika. Mara nikasikia mtu anapiga chafya darini.

"Bibi, nini hicho?"

"Panya."

"Anapiga chafya?"

"Ulezi una vumbi, baba. Hata panya huwa anaumwa mafua."

Nikaona ni kweli. Mambo ya Ufipa nitayajulia wapi mimi mtu wa Tabora?

Nikatoka nje, nikamwuliza nyumba ni ya nani. Akasema haina mwenyewe. Nikamwuliza kama kuna mtu anaishi humo. Akasema hakuna, humo analala yeye na panya. Nikamwambia wazi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua: "Bibi, mimi nyumba hii nimeipenda. Ninaichukua."

Akafuta macho kwa ncha ya kaniki. Nikadhani ni moshi.

"Ichukue, baba," akasema. "Sisi tutafanyaje?"

Nilipomweleza Bwana Nassoro, aliacha kupima sukari.

"Malangali? Kimya? Malangali hii hii?"

"Bwana Nassoro, pengine siku hizi huendi huko."

"Nilipita juzi. Nusura wanipasue masikio kwa ngoma."

"Wanaume wote wamehamia Rukwa."

Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kukopa. Lakini mkokoteni alinipa. Nikapakia kitanda changu cha kamba, sanduku, karai na jamvi, nikausukuma mwenyewe hadi Malangali, bado nimevaa suti, maana sikutaka majirani wapya wanione kama hamali. Majirani wenyewe hawakuwepo. Kimya kile kile. Bibi Felista naye hakuwepo kigodani. (Alikuwa amekwenda kanisani kuniombea dua, na si dua njema.)

Nikaingiza vitu. Nikatandika kitanda. Sasa sikilizeni ujinga wangu, ingawa wakati ule niliuita bahati: mafigani palikuwa na moto, na juu ya moto sufuria ya maji yanayotoa mvuke. Nyumba isiyo na mwenyewe, na maji ya moto yako tayari. Nikasema, bibi huyu ana ukarimu, amemwandalia mpangaji wake maji ya kuoga.

Nje upepo wa huku ulikuwa unakata kama wembe, kwa hiyo nikaamua kuoga chumbani. Nikafunga mlango. Nikavua suti, nikaikunja vizuri juu ya sanduku. Nikasimama ndani ya karai, nikajipaka sabuni ya mche kuanzia utosini mpaka vidoleni, nikaanza kuimba. Sauti yangu mnaijua. Nyumba ilikuwa inaitikia vizuri.

Nikiwa na povu machoni, nikasikia chafya. Ikafuata nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Halafu mti wa dari ukalia kwaa, nikamwagikiwa na ulezi, na kitu kizito kikaanguka kutoka juu na kutua katikati ya kitanda changu. Kamba za kitanda zikakirusha, kikatua mara ya pili.

Nikafungua jicho moja. Nikaona mtu. Mweusi kwa masizi, ulezi kichwani, macho yamemtoka, ananitazama nami namtazama. Hakuna aliyesalimia.

Mwanaume mwingine angepigana. Mimi nilikimbia. Nikavuta mlango, nikatoka mbio hadi katikati ya barabara, naita "Mwizi! Mwizi!" kwa sauti ile ile niliyokuwa naimbia.

Ndipo nilipojua kwamba Malangali ina watu.

Walitoka kwenye vihenge. Walitoka kwenye mahindi. Mmoja alitoka chini ya tenga la kuku, na kuku wakatoka naye. Wanaume wote wa bondeni walikuwa hapo hapo, na kila mmoja ameshika mpini, mchi au jiwe. Kwa neno mwizi, mtu husahau kitu kingine chochote alichokuwa anajificha nacho. Wakaangalia kulia na kushoto kumtafuta mwizi. Wakamwona mtu mmoja tu asiyejulikana na yeyote, hana nguo, ana povu, anatoka mbio nyumbani kwa mwenzao.

Wakanikamata mimi.

"Si mimi," nikasema. "Mwizi yuko ndani."

"Na wewe uko nje," akajibu mwenye mchi.

Hesabu yake sikuweza kuipinga. Mchi ulikuwa umeshainuliwa. Nawaambia kwa kweli, pale sikuwaza aibu, niliwaza mke wangu akishuka kwenye lori Jumamosi na kuonyeshwa kaburi. Ndipo sauti ya Bibi Felista ikatoka nyuma, alikuwa anarudi kutoka kanisani.

"Mwacheni! Msimguse! Huyo ni bwana wa kodi!"

Mchi ukashuka. Mtaa mzima ukarudi nyuma hatua kadhaa, na yule wa tenga nikamwona analitafuta tenga lake.

"Kodi gani?" nikauliza.

"Kodi ya kichwa," akasema mwenye mchi, sasa kwa adabu. "Si wewe uliyetumwa na boma? Uliyepima nyumba asubuhi?"

"Mimi ni fundi wa nguo. Mpya kwa Bwana Nassoro."

Wakatazamana. Halafu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Fundi wa nguo? Nguo zipi?"

Hapo ndipo nilipoumbuka. Nilijitazama, povu lilikuwa limeanza kukauka kwa upepo, na pale lilipokauka hapakuwa na kingine. Walicheka. Walicheka wakashikana mabega, mwenye mchi akakaa chini, watoto wakaletwa mbele waone. Bibi Felista ndiye aliyenihurumia. Aliuokota ungo wake pale kigodani, akanipa. Ungo wa Ufipa ni mpana, nashukuru, ila una upande mmoja tu, na watu walikuwa pande zote.

Yule mtu wa darini akatoka, anachechemea, anajipangusa ulezi. Anaitwa Polikarpo, ni mtoto wa Bibi Felista, na nyumba ni yake. Yeye hakuwa anacheka. Alinijia mpaka karibu.

"Kwa hiyo nyumba yangu hukuichukua?"

"Nilitaka kupanga tu."

"Kupanga? Kwa kulipa?"

"Kwa kulipa. Kila mwezi."

Akakaa chini pale pale barabarani, mikono kichwani. Akaniambia kwamba ana deni la kodi bomani, na tangu asubuhi alipokuwa darini, akinisikia napima na kuandika, alikuwa anawaza atampeleka wapi mama yake. Niliporudi na kitanda alijua mambo yamekwisha. Nilipoanza kuimba, anasema, aliona kwamba serikali hii sasa imezidi.

Nami nilijisikia vibaya, kadiri mtu aliyeshika ungo anavyoweza kujisikia. Nikamwomba radhi yeye na mama yake. Nikawaambia futi yangu inapima viuno, haijawahi kupima kodi. Polikarpo akanyanyuka, akanishika mkono, ule mmoja uliokuwa huru.

"Chumba cha pili kichukue," akasema. "Dari tutaitengeneza. Ila usiimbe."

Tukapatana bei hapo hapo, mashahidi wakiwa wengi kuliko nilivyopenda. Bibi Felista akaenda ndani akaniletea suti yangu, ameibeba kwa mikono miwili. Na kabla sijafunga vifungo, yule mama mwenye mtoto alikuwa ameshaniuliza gauni la kipaimara nashona kwa muda gani. Mwenye mchi naye anataka suruali. Nimepata wateja wengi Malangali kuliko waliopita barazani kwa Bwana Nassoro tangu nifike, kwa hiyo msinihurumie. Mtaa nimeuchagua vizuri, nalisema tena. Kosa ni dogo, nimekosea kwenye utulivu tu.

Maana sasa jua limezama, nimemaliza ugali wa ulezi na maharage ya Bibi Felista, na nje kumeanza. Ngoma zipo. Walevi wapo. Kuna wawili wanagombana na wake zao na mmoja anagombana na mbuzi. Pombe ya ulezi inazunguka, na wanaume wa mtaa huu wanasimuliana kisa changu kwa Kifipa. Kifipa sikijui. Lakini wakifika pale pa ungo napajua, kwa sababu wote hunyamaza kwanza, halafu hata Polikarpo, mwenye nyumba wangu, anacheka mpaka anakohoa.

Nyie Tabora msicheke. Huku wameshacheka sehemu yenu.