Ofisi ya Kuonja Viungo

Wananchi wote walitangaziwa kwamba kuanzia asubuhi ile, utapeli wa mtandaoni umepigwa marufuku. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa Ofisi ya Uthibitisho wa Viungo na kugongwa muhuri. Kwa kuwa matapeli nao ni wananchi, ilitarajiwa wangelisoma na kuacha.

Mjane wa fundi kufuli alilisoma mara mbili, kisha akapanga foleni, simu kaifunga kwenye leso. Ujumbe ulikuwa umemjia alfajiri: sanduku lake la barua pepe lingefutwa siku hiyohiyo, asipobonyeza kiungo na kuweka neno la siri. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na sauti za marehemu mumewe, zile alizokuwa akimtumia kutoka kazini: analalamikia mvua, anauliza aje na nini, anacheka bila sababu. Sauti yake haikubaki pengine popote.

"Shikamoo, mama," karani wa dirishani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nataka kujua kama kiungo hiki ni cha kweli."

"Umefika penyewe. Utaratibu wetu ni kuonja. Tunakifungua, tunaweka neno lako la siri, tunatulia. Kisipoiba, tunagonga muhuri wa HALISI."

"Na kikiiba?"

"Upo muhuri mwekundu."

Mama akaikumbatia simu. Hapo Mkurugenzi mwenyewe akatoka ofisini, tai imemtangulia.

"Mama, mbona unachelewesha huduma?"

"Marehemu alikuwa akisema kiungo ni kama mgeni anayebisha hodi, baba. Jina la kwanza mtu hujipachika tu, muulize ukoo. Hiki mbele kimejiita kampuni ya barua pepe, lakini mwishoni mwa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza, kile kistari cha mshazari, ukoo wake ni 'zawadi-chapchap'. Mimi ukoo huo siujui."

Mkurugenzi akacheka kwa upole wa kiserikali. "Hebu tazama kakufuli haka pembeni mwa anwani. Mke wa fundi kufuli hajui kufuli?"

"Kufuli linasema mlango umefungwa, baba. Halisemi aliyemo ndani ni nani."

Foleni ikaguna. Heshima ya ofisi ikawa hatarini, na Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuiacha ianguke mbele ya umma. Akakiandika kiungo kwenye kompyuta yake, akaweka neno lake la siri mwenyewe. Ukurasa ukamshukuru.

"Mmeona? Kina adabu!" Akagonga HALISI.

Chai yake ilikuwa haijapoa simu za foleni nzima zilipolia kwa pamoja. "Ndugu mwananchi, mimi Mkurugenzi nimekwama. Bonyeza hapa upesi." Karani, kwa utii uliompandisha cheo mara kadhaa, akabonyeza.

"Acha! Siyo mimi huyo!"

"Lakini mkuu, ujumbe umetoka kwenye anwani yako."

Mkurugenzi akarudi mbio kwenye kompyuta. Ikamkataa. Akajaribu tena, ikamuuliza yeye ni nani.

"Niruhusu niingie kwenye mfumo kwa mashine yako," akamwambia karani.

"Utaratibu, mkuu. Anayedai kuwa Mkurugenzi apange foleni, athibitishwe."

"Athibitishwe na nani?"

"Na Mkurugenzi."

Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi mwisho wa ukumbi. Ule ujumbe hakuugusa tena. Aliandika mwenyewe anwani ya sanduku lake, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na marehemu, akaingia. Kila kitu kilikuwepo. Hapakuwa na onyo wala tishio. Akabonyeza sauti ya mwisho, akaisogeza sikioni.

"Mama watoto, umefunga mlango?"

"Nimefunga," akajibu polepole.

Nyuma yake mtu akakohoa. Tai ilikuwa imelegea.

"Samahani, mama. Wa mwisho kwenye foleni ni wewe?"

"Hapana, baba," alisema, akimsogezea nafasi kwenye benchi. "Wa mwisho ni wewe."